Dawa ya Mara Moja

Nilikuwa nimechutama kwenye karo ya uani, chupa ya kahawia mkononi, nia yangu niimwage, nifunge mlango, nirudi kwangu Buxton nikalale. Nilipofungua kifuniko harufu ikatoka, nami nikairudisha chupa chini. Siwezi kusema ni harufu nzuri. Ina ukali wa sarafu ya shaba iliyokaa kwenye kiganja chenye jasho, na nyuma yake kuna kitu kama majani ya chai yaliyolala. Lakini ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono ya Baba, na Baba tumemzika, arubaini yake imepita, na mimi ndiye ninayetoa vitu vyake.

Nimechoka. Nalisema mapema ili msije mkatarajia makubwa kutoka kwangu. Kakangu ana malori yake Shimanzi na hana nafasi. Mimi nimestaafu ualimu, kwa hivyo inasemekana nafasi ninayo. Nyinyi wa rika langu, hasa wanawake, mnajua jinsi vitu vya marehemu vinavyoijua njia ya kwenda kwa binti. Duka amepewa mpangaji atakayeuza vifuniko vya simu, na kila nikikaa kitako kakangu hupiga. "Umemaliza?" Nami humjibu, "Karibu." Naye husema, "Wewe tupa tu, dadangu. Nani siku hizi ataka vitu vile?" Nami simlaumu, kwa sababu hata mimi sivitaki.

Duka ni chumba cha chini cha nyumba yetu ya Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho wakikutana watu wawili wanene mmoja sharti arudi nyuma. Mbele palikuwa na kaunta na picha za maharusi, katikati pazia lililochorwa bustani ambayo haijawahi kuonekana Mombasa, na nyuma kabisa chumba cha giza. Baba alikuwa mpiga picha. Kamera yake ilikuwa ya mbao, ya miguu mitatu, na filamu zake hazikuwa za kuviringisha. Zilikuwa bapa, moja moja, kila moja ukubwa wa kiganja. Picha moja, bapa moja. Wenzake walikuwa wameshahamia kamera ndogo na kupiga picha kama wanaomwaga njugu, naye akawa anawacheka. Alisema mtu apigwe mara moja, kwa makini, kisha aachwe aende zake.

Mimi kilichonishughulisha ni kule kusafisha filamu mpaka picha itokee. Dawa yake ilikaa katika chupa hii hii, nzito, nyeusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa mekoni. Alivuta kidogo sana kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akaitia kwenye sinia la maji, akafunga mlango, nami nikabaki nje nikisikiza sinia likitikiswa taratibu gizani. Alipotoka alikuwa na filamu inayodondoka mkono mmoja na sinia mkono wa pili, na sinia alilimwaga kwenye karo. Kila picha hivyo. Nilimuuliza kwa nini haitumii tena, maana nilijua wapiga picha wengine wana dawa za unga wanazozirudia mpaka zigeuke tope.

"Hini ni ya mara moja," akasema. "Ikishamfanyia kazi mtu mmoja, imekwisha nguvu. Ukimtilia mwengine, wamdhulumu."

Sasa, nyumba yetu haikuwa na kitu kingine chochote cha mara moja. Bibi, mamake Baba, alikaa nasi ghorofani na ndiye aliyeshika jiko, na kwa Bibi hakuna kilichotupwa kabla ya kuulizwa kama kina kazi nyingine. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye makopo ya mrihani. Mafuta ya kukaangia samaki yalichujwa yakangoja samaki mwengine. Leso ikichakaa ilikuwa winda la mtoto, winda likichakaa likawa tambara, na tambara lilikufa kifo cha heshima. Dirisha lake lilikuwa juu ya karo, na kila aliposikia sinia linamwagwa kichwa chake kilichomoza.

"Wamwaga tena?"

"Ni kazi, mama."

"Kazi ya kumwaga mie sijaiona."

Baba alicheka chini chini akarudi ndani. Walikuwa wakisemezana hivyo tangu kabla sijazaliwa, na sidhani mmoja wao alikuwa na haja ya kushinda.

Yale maji yaliyomwagwa yalikuwa na rangi. Hili ndilo ninalotaka mlielewe. Filamu za namna ile hupakwa rangi kidogo kiwandani, nayo huyeyuka ikiingia kwenye dawa. Ninajua leo, na Baba angeniambia siku ile lau angekuwa hana mteja. Alikuja bibi arusi wa Kihindi, mwekundu juu hadi chini, dhahabu puani, hina mpaka viwikoni. Nilimtazama nikashiba. Picha ilipokauka alikuwa wa kijivu. Lakini maji aliyoyamwaga Baba yalikuwa ya zambarau, yakiteremka polepole kwenye tundu la karo, nami nikakimbia nikamuuliza Baba, "Rangi zake ziko wapi?"

"Zimekwenda na maji," akajibu, bila kuinua kichwa, jinsi mtu mwenye kazi anavyomjibu mtoto.

Basi nikawa nimepata elimu yangu. Picha humvua mtu rangi zake, dawa huzibeba, karo huzinywa. Ndiyo maana kila mtu alikuwa na maji yake. Ukiyarudia, mtoto wa jirani atatoka na midomo ya bibi arusi. Nilianza kuwachungua watu waliopigwa picha nikikutana nao njiani, nione kama wamepungua. Wengi walikuwa wazima kabisa, nikajiambia hawa walikuwa nazo nyingi.

Kisha Mama akaanza kupauka.

Ilianza midomoni na kwenye kucha. Wanawake waliokuja kumjulia hali walipanda ngazi wakisema kwa sauti na kushuka wakinong'ona. Alipenda kuvaa nywelani jioni kikuba, kishada cha maua meupe ya asumini, na ikafika siku sikuweza kuona pale uso unapoishia na asumini inapoanzia. Madaktari wa hapa walisema apelekwe India, na mjomba, nduguye Mama, akakubali kwenda naye ili Baba abaki na sisi. Baba akampiga picha ya pasi ya kusafiria. Nilikuwepo, nikaona maji yake yakienda na karo, ya zambarau kama ya wengine. Wiki iliyofuata Mama hakuweza kupanda ngazi bila ya kushikwa. Mnaona wenyewe nilivyounganisha.

Siku zile Baba alikuwa mguu ndani mguu nje. Mara pasi, mara tiketi, mara barua ya daktari. Alikuwa akisafisha filamu za wateja kwa haraka na kuliacha sinia limekaa hapo karibu na karo, akikusudia kulimwaga baadaye. Bibi akashuka akalikuta. Alilitazama sinia, akaitazama chupa ambayo ilikuwa imefika nusu, akapanda juu akarudi na rato lake, ile faneli ya kujazia mafuta ya taa, amelisugua likang'aa.

"Bibi, wazirudisha rangi za watu?" nilimuuliza.

"Narudisha riziki ya babako. Ana mengi kichwani, hajui hata amwagacho. Ntamsazia mie."

Akayamimina kwenye chupa taratibu, bila kumwaga tone, ulimi umebanwa kwenye pembe ya midomo. Dawa iliyokwisha kutumika, ikikaa, hugeuka kahawia, na kwenye chupa ya kahawia nani angeitofautisha? Nilifurahi sana. Niliona hatimaye nyumba hii ina mtu mmoja mwenye akili. Akafanya vivyo tena kesho yake, na sikumbuki mara ngapi baada ya hapo.

Asubuhi ya safari Baba alisema anataka picha kubwa ya Mama. Si ya pasi. Picha yenyewe, ya kutundikwa. Hakuna aliyesema kwa nini. Mjomba alimteremsha Mama kama anayebeba trei ya glasi, wakamketisha mbele ya ile bustani ya pazia, akalivua buibui lake likabaki kitini nyuma yake. Alivaa kanzu ya kijani, na kikuba cha asumini kwenye nywele, alichokifunga Bibi mwenyewe. Nilipoona kijani kile na Baba ameingia chini ya kitambaa cha kamera, nikasogea mbele. Rangi yote aliyosalia nayo Mama ilikuwa pale kitini, na baada ya kitambo kidogo itakuwa kwenye karo.

Nikaanza kulia, nimeushika mguu wa kamera.

"Muondoeni huyo mtoto, atikisa," mjomba akasema.

"Mwacheni," akasema Mama, akaninyooshea mkono niende kwake. "Ndoo, mwanangu. Ni kitu gani chakuliza?"

"Usikae hapo, Mama. Baba ataimwaga rangi yako. Ataimwaga yote."

Mjomba hakufahamu. Bibi hakufahamu. Mama alinitazama, na sijui vipi, alifahamu. Labda kwa kuwa alikuwa akilala mchana kutwa akinisikiza nikizungumza na nafsi yangu. Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha mtu asiye na pumzi ya kutosha.

"Rangi yangu gani tena iliyosalia, mwanangu, ya kumwagwa?"

"Tulia, usicheke," Baba akasema kutoka chini ya kitambaa, na papo hapo kamera ikalia. Sikujua kama alisubiri au alikosea. Alikuwa ameweka filamu moja tu. Alitaka kuweka ya pili, lakini mjomba akasema gari imefika na ndege haingoji, na Mama mwenyewe alikuwa ameshaanza kuinama upande. Akanibusu kichwani. Alikuwa na jasho baridi na asumini. Buibui alilovaa kuondoka ni jingine, jipya. La zamani lilibaki pale kitini.

Baba aliisafisha filamu ile kesho yake. Nilikaa uani nikingoja, kwa sababu nilikuwa nimeazimia kuyakinga yale maji, nina kopo langu la maziwa nimelificha nyuma. Nilikuwa nikikusudia kuyaweka mpaka Mama arudi. Sinia lilitikiswa gizani, likatikiswa, likatikiswa zaidi ya kawaida. Kisha mlango ukafunguliwa, Baba akatoka na filamu peke yake, akaiinua kwenye mwanga wa uani.

Haikuwa na kitu. Yaani ilikuwa na kitu, lakini kama pumzi kwenye kioo. Nilizoea kuona filamu zenye weusi uliokolea, nyuso nyeusi na nywele nyeupe. Hii ilikuwa wazi, unauona ukuta wa jirani ndani yake. Baba aliigeuza, akaigeuza tena. Akaingia ndani akarudi na chupa, akatia tone kiganjani, akalinusa, akalisugua kwa kidole.

Kichwa cha Bibi kikachomoza dirishani.

"Vipi, imekutosha ile dawa?"

"Dawa gani, mama?"

"Ile ukiimwaga kila siku. Si nimekurudishia chupani, kwa rato, nawe huna habari? Nimekujazia. Usije ukasema mama yako hakusaidii."

Baba aliiteremsha filamu. Filamu ilikuwa ikimdondokea kwenye viatu. Mimi nilikuwa namtazama yeye, na Bibi alikuwa anamtazama yeye, uso wake umefurahi jinsi nilivyokuwa sijauona tangu Mama augue. Baba aliitazama filamu, akamtazama mamake.

"Ahsante, mama," akasema. "Umenisaidia."

Bibi akarudisha kichwa ndani, akaendelea na mchele wake.

Sikuelewa lililopita baina yao. Nilielewa nilichokiona mimi: filamu imetoka tupu. Watu wote waliacha kitu kwenye filamu, hata wazee wa kuogopesha, hata watoto wachanga. Mama hakuacha kitu kwa sababu hakikubaki kitu. Niliingia stoo, nikajifunika magunia, nikalia mpaka nikalala. Kopo langu la maziwa nililiacha pale uani, na kwa hakika Bibi alilipatia kazi.

Habari zilipokuja kwa simu ya jirani kwamba Mama amefariki huko huko India, na mjomba amemzika huko, nyumba ililia na mimi nikawatazama. Wanawake walisema mtoto huyu ana moyo mgumu. Mmoja alinifinya shavu apate kuona kama nitalia. Nilikuwa nimeshamlilia Mama zamani, peke yangu, na hakuna aliyeniambia kwamba siku ile alikuwa bado hai na huenda alikuwa anakula uji.

Ukuta wa sebuleni ulibaki na msumari. Picha ya pasi ilirudi na mjomba, ndogo kama stempu, Mama ana uso wa mtu anayeulizwa maswali. Ndiyo tuliyokuwa nayo. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza Baba ile picha ya kanzu ya kijani iliendaje, akasema dawa ilikuwa imekufa. "Nani aliiua?" nikauliza. "Imekufa tu," akasema, akaenda kufungua duka. Hapo ndipo lile rato liliponirudia akilini, na ndipo nilipofahamu ile ahsante. Bibi aliishi miaka mingi baadaye. Alikufa akijua kwamba alisaidia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi na kakangu tulilizoea bila kuliuliza. Ijumaa, akirudi msikitini, Baba alikuwa akikaa kwenye kibao cha uani, penye mwanga, na kitambaa cheusi mapajani. Tulikijua: kipande cha lile buibui la zamani la Mama, alikikata mwenyewe kabla Bibi hajaligeuza kitu kingine. Alikaa ameinama, hatikisiki. Nilipokuwa mdogo nilidhani analia. Nilipokua nilidhani anakinusa. Nilipokuwa mke wa mtu na mambo yangu yananielemea, nilianza kuona uchungu, niseme kweli. Niliona baba huyu ana kitambaa cha kuzungumza nacho, na wanawe anawaambia dawa imekufa. Hakuoa tena. Aliendelea kukaa na kitambaa mpaka macho yalipofifia, hapo akaacha.

Basi leo, baada ya kuiweka chupa chini, nilirudi ndani nimalizie droo ya mwisho. Nilikikuta kitambaa ndani ya boksi tupu la filamu, kimekunjwa vizuri. Nikatoka nacho uani, nikakaa kwenye kibao kile kwa sababu miguu ilikuwa inauma. Nilipokifungua, ndani yake mlikuwa na filamu bapa. Nikaiinua kwenye mwanga kama alivyofanya yeye. Tupu. Pumzi kwenye kioo, na ukuta wa jirani nyuma yake, ambao siku hizi umepakwa rangi ya maziwa. Nikasema, masikini Baba, ameweka hata hii. Gunia la taka lilikuwa hapo karibu yangu. Nikailaza filamu juu ya kitambaa mapajani ili nifute jasho na kuitafuta miwani.

Mama alikuwa pale.

Sijui niwaelezeje. Filamu ile ukiitazama mwanga ukiwa nyuma yake haina kitu. Lakini ukiilaza juu ya kitu cheusi na mwanga ukaipiga kwa juu, ule utando mwembamba unang'aa, na kila kilichokuwa kinyume kinageuka sawa. Uso mweupe, nywele nyeusi, kikuba cha asumini kwenye nywele. Hata mkunjo wa kanzu begani. Nilikwenda kuchukua filamu nyingine, ya mahujaji, iliyosafishwa kwa dawa nzima, nikailaza hapo hapo. Ikawa giza juu ya giza. Ni hii iliyoharibika peke yake inayofanya hivi. Ameijua kwa miaka yote ile, na kila Ijumaa alikuja kumtazama mkewe, juu ya buibui lake mwenyewe.

Sitasema kwamba basi lile kosa lilikuwa heri. Ningependa zaidi tungekuwa na picha ukutani, tuipite tukienda kula, tuigombanie, nani airithi. Na nina hasira naye kwamba hakuniita nikae karibu yake hata Ijumaa moja. Labda aliogopa nitauliza nani aliiua dawa, na Bibi alikuwa dirishani.

Niliisogeza kidogo, mwanga ukakaa vizuri. Baba alikuwa amesema usicheke, na Mama anacheka. Baba alikuwa mbele yake, chini ya kitambaa, na Mama hatazami mbele. Macho yameshuka upande, chini kidogo, kwenye mguu wa kamera. Ananitazama mimi.

Simu ikalia. Nikaipokea bila kuondoa macho.

"Umemaliza?" akauliza kakangu.

"Bado," nikamwambia. "Ndoo kwanza."